UZI: Bonde letu halina hata nyumba moja lakini mpunga unakufa, shida iko huko juu

Bonde_la_Bibi

Assalam aleikum. Uzi mrefu, asiependa kusoma apite salama.

Mie nalima mpunga bonde moja hapa Mjini Magharibi, Unguja, jina silitaji maana masheha nao wamo humu humu wanasoma. Majaruba kaniachia bibi mzaa mama, yeye kalima pale toka kabla ya Mapinduzi. Hadithi yake ilikua hivi: masika ikipiga, leo mvua, kesho maji yanaanza kuja, keshokutwa ndo majaruba yamejaa, na yakishajaa yanakaa. Unaenda kutembea mjini ukirudi maji yapo. Alikua akisema maji ya bondeni yana adabu, yanapiga hodi kabla hayajaingia.

Sasa njooni mwaka huu. Nimeatika mbegu ya mpunga ya Supa BKN, nimeburuga, nimepandikiza na vibarua wanne, siku ya nne usiku mvua ikapiga kwa muda wa saa mbili hivi. Si mvua ya kutisha, nshaona kubwa kuliko ile. Asubuhi nafika, tuta limeondoka upana wa milango miwili, miche haipo, na juu ya jaruba la katikati pana mchanga. Wallahi mchanga safi wa kujengea, mtu unaupigia plasta bila kuuchekecha. Na vyupa vya maji, na pampasi, na kandambili ya mtoto mguu mmoja. Siku ya sita udongo ushaanza kupasuka, maji hamna tena.

Kituko chenyewe ndo hichi, mchana wake wamekuja vijana wawili na gari ya punda, wananiomba wazowe ule mchanga. Nnawauliza munaupeleka wapi, wanasema juu kule kuna mtu anajenga. Yani mchanga umetoka kwenye viwanja vyao umekuja kuniulia mpunga, na wanakuja kuufata waurejeshe.

Kila ninaemwambia ananijibu tabianchi tabianchi. Sikatai, lakini nlipanda na vespa nikaenda kutizama hiko kilima maji yanakotoka. Nlipokua skuli pale palikua mihogo, migomba, miembe mitatu minne na njia ya ng'ombe. Saivi ni bati kwa bati mpaka unapofika lami. Bondeni kwenyewe hajajenga mtu, ukipiga picha utasema hapa kilimo kinaendelea mashaallah. Ndo hoja yangu: sie tunapigia kelele wanaojenga kwenye mpunga, na hao wapo kweli, ila bonde linakufa kabla ya hapo, linakufa watu wakijenga kwa juu.

Nani mwengine yamemkuta?

Kasimu_wa_Dole

Naweka kiti hapa

Zao_la_Tatu

Uza shamba ununue Noah ufanye abiria. Mpunga wa nini wakati mchele upo dukani

Bonde_la_Bibi

Huo wa dukani nao kuna mtu kaulima bwana, tena kwengine kabisa huko nje ng'ambo ya bahari. Siku meli haikuja tutakula noah?

Mama_Mapacha

Aleikum salam. Mie nitasema ukweli ijapokua naona ntapigwa mawe. Mie ni mmoja wa hao watu wa juu. Sio bonde lako labda lakini ni hivo hivo, nyumba yangu iko kilimani na chini pana mpunga.

Kaka, sie tulikua tunapanga chumba kimoja Ng'ambo mie na mume wangu na watoto wawili, kodi miezi sita mbele. Kiwanja cha mjini hatukiwezi, tukatafuta kule tunakoweza. Na kiwanja sikumnyang'anya mtu, niliuziwa na mkulima mwenyewe, alikata eka yake vipande akavigawa kama keki ya harusi, akaenda kumuozesha binti yake. Sheha akaja akaandika, shahidi akasaini, basi. Hakuna aliyenambia maji yanapita wapi. Njia ya gari yenyewe tumeachiana futi nane, tunagombana nayo mpaka leo, sembuse njia ya maji.

Kwaio kabla hujatulaumu sie, ulizana na wakulima wenzio.

Bonde_la_Bibi

Mama Mapacha hakuna wa kukupiga mawe. Na mie niseme jambo ambalo kwenye posti ya kwanza nililiruka kwa aibu. Katika hicho kilima kipande kimoja alieuza ni ami yangu, eka tatu za babu alizopewa baada ya 1964, na mie nlikula katika hizo pesa, vespa ninayoisema ndo hiyo.

Kasimu_wa_Dole

😂😂😂 vespa ya mafuriko

Fundi_Zege

Mie nijibu kifundi. Watu hawaamini bati linavomwaga maji kwa sababu hawajawahi kuyapima. Hesabu ni ya darasa la sita: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Chukua nyumba ya kawaida, bati mita 10 kwa 12, hiyo ni mita 120 za mraba. Mvua ya milimita 50 ambayo masika hapa kwetu ni ya kawaida tu inakupa lita 6,000 kwa paa moja. Ukiwa na nyumba 300 kilimani ni lita 1,800,000, yani maboza 180 ya lita elfu kumi kumi. Hapo sijahesabu uwa uliopigwa sakafu, barabara, na ardhi ilioshindiliwa na tipa.

Haya, zamani ile mvua ilikua inaanguka juu ya muembe, majani yakaikamata kidogo, ikashuka kwenye takataka za majani, ikanywewa na udongo. Wamarekani waliopima mambo haya wanasema ardhi yenye mimea yake maji yanayotiririka juu ni kama asilimia 10 ya mvua, lakini pakishajengwa pakabanana yanafika asilimia 55. Sasa unaelewa kwa nini maji ya bibi yalikua yana adabu. Yalikua yanatembea chini ya ardhi, polepole, yanatokea bondeni siku ya pili ya tatu. Haya ya sasa yanakuja kwa juu mbio, yakishapita yamepita, chini hakuna akiba, ndo ukakuta siku ya sita udongo umepasuka. Mafuriko yako na ukame wako ni ugonjwa mmoja.

Na ule mchanga ni wa viwanja vilosafishwa vikaachwa. Mtu ananunua, anatia greda ling'oe kila kitu ili kiwanja kionekane, alafu pesa imekwisha, miaka mitatu minne pale ni ardhi tupu na rundo la kifusi. Hicho ndo kibaya kuliko hata nyumba iliokwisha. Na mchanga wenyewe kisiwa hichi ni tabu kuupata, watu wanachimba mashamba huko Donge na Pangatupu mpaka pamebaki mashimo, alafu masika inatuchukulia bure.

Zao_la_Tatu

Fundi umejibu vizuri ila wewe ndo unaejenga hizo nyumba

Fundi_Zege

Naam. Na watoto wanakula.

Ramani_Tu

Nimesoma uzi wote nikaona niingie maana hii ndo fani yangu, nimemaliza mambo ya mazingira na ramani miaka michache nyuma.

Anachokisema mwenye uzi wataalamu wanakiita hatari ya kiikolojia ya bonde, na kuna njia ya kuipima ambayo Wachina wameitumia sana kwenye mabonde ya mito yao yanayotegemea kilimo. Wanachukua picha za setelaiti, mfano Landsat ambazo toka 2008 ni bure kwa mtu yoyote, kila nukta ni mita 30 kwa 30 za ardhi, wanalikata bonde zima miraba miraba. Kila mraba wanauliza: humu shamba ngapi, msitu ngapi, maji ngapi, majengo ngapi? Alafu wanatizama vile viraka vimekatwakatwa kiasi gani. Shamba moja la eka kumi sio sawa na mashamba kumi ya eka moja yaliotawanyika baina ya nyumba, ijapokua kwenye hesabu ya eka ni kitu kile kile. Hapo ndo alama ya hatari inapotoka.

Na kitu kinachojirudia ni kwamba hatari haipandi sana katikati ya mji, inapanda pembezoni, pale mji na shamba vinapogusana. Kwetu sisi pembezoni ni wapi? Mwera, Fuoni, Kianga, Dole, huko huko. Sensa ya 2012 Mjini Magharibi ilikua na watu kama 594,000, ya 2022 ikakuta kama 893,000. Laki tatu kwa miaka kumi, na Mji Mkongwe hauna pa kuwaweka, kwaio wengi wamekwenda pembezoni.

Ila nina ugomvi na zile alama, na nilimwambia hivi hata mwalimu wangu. Mji ukishameza kila kitu alama ya hatari inaweza kushuka! Kwa sababu viraka vimeungana vimekua kiraka kimoja kikubwa cha saruji, na saruji kwenye jedwali lao ni kitu tulivu hakidhuriki. Ramani inakuja rangi ya kijani, yani hatari ndogo, kumbe pamekufa. Kwaio mtu asije akakuletea ramani akasema hapa hatari imepungua ukashangiria, muulize kimepungua nini na kimebaki nini.

Bonde_la_Bibi

Hii ya mwisho imenikaa. Kwaio mie niko kwenye rangi nyekundu kwa sababu bado nalima, nikiacha ntakua wa kijani?

Ramani_Tu

Kwa kifupi ndio 😅

Na kwa hapa hatuna hata kisingizio cha kukosa picha. Ile kazi ya droni ilioanza 2016, Tume ya Ardhi na wanafunzi wa SUZA, chuo kikuu chetu cha taifa, visiwa vimepigwa picha mpaka mti mmoja mmoja unaonekana. Njia za maji zote zinaonekana mle ukizitafuta.

MkoaniBoy

Wangu wa Unguja mwalia na kilima kimoja, njooni Pemba kwetu ambako hakuna tambarare. Kisiwa chote ni kilima bonde kilima bonde, karafuu juu, mpunga chini, ndivo wazee walivyogawa na walijua walifanyalo. Mkarafuu ukizeeka ukifa hapandi mtu mwengine kama zamani, anajenga. Mji wa Chake unateremka kwenye mabonde yake, Wete vivo hivo.

Ila mie nnataka niseme habari ya chini kabisa, kule bonde linapoishia baharini. Kwetu maji ya juu ndo yanayoisukuma bahari isiingie. Yale maji ya polepole alosema fundi, yanayotoka chini ya ardhi mwaka mzima, ndo mlinzi. Yakipungua, na mikoko nayo ikikatwa, bamvua likija maji ya chumvi yanapanda mpaka kwenye majaruba. Ukitaka kuona nenda Kisiwa Panza, kuna mabonde wazee walikula mpunga wao saivi pameota majani ya pwani tu. Nsikudanganye, bahari yenyewe nayo inapanda, siwezi kuisingizia nyumba peke yake. Lakini mtu anaepigwa mbele na nyuma hajui ngumi ipi iliomuangusha.

Nesi_wa_Zamu

Mimi niko upande wa afya, mambo mawili tu nikalale nimetoka zamu.

Kwanza makaro. Nyumba za pembezoni karibu zote ni shimo la choo na karo, hakuna bomba la maji machafu. Na ardhi yetu upande mkubwa chini ni mawe ya matumbawe yenye mapango, maji hayachujwi kama kwenye udongo mzito, yanapita tu. Mito ya Unguja mingi inayoelekea mashariki haifiki baharini, ikifika kwenye mawe inazama. Inakwenda wapi? Inakwenda kwenye maji ya chini ambayo ndo ya visima, na maji yetu ya mfereji karibu yote ni ya visima na chemchem. Kwaio huyo kaka analalamika mpunga lakini maji yanayopita kwake tunakuja kuyanywa sote, hata alieko Michenzani ghorofa ya tano.

La pili kichocho. Wadudu wake wanaishi ndani ya konokono wadogo wa maji baridi, kwenye vijito na madimbwi. Visiwa hivi vimepambana nacho miaka na miaka, vidonge maskulini kila mara, na kimepungua sana. Sasa mukitengeneza madimbwi mapya kila kona kwa sababu maji yamezibiwa njia, na watoto wapya wamehamia karibu na bonde wanaoga humo humo wanakojoa humo humo, munajitafutia kazi mpya. Mtoto akikojoa damu mpelekeni kituoni musisubiri.

Kasimu_wa_Dole

Ghorofa ya tano umenimaliza nesi. Mie niko ya sita

Mzee_Kibanda

Vijana, mie sijui kuandika sana kwenye simu hizi. Nataka kukumbusha tu kwamba jambo hili si geni. Pale Darajani munapopita kila siku palikua na daraja kweli, maji ya bahari yakiingia yakitenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo. Pakafukiwa. Mvua ikinyesha pale maji bado yanarudi kutafuta kwao. Na Mwanakwerekwe lile ziwa, watu wakaligeuza uwanja na barabara, masika ikija likawa linadai haki yake, ile Mei ya 2017 skuli zikafungwa munakumbuka.

Plani za mji tumechorewa nyingi, ya Muengereza 1923, tena 1958, ya Wajarumani wa Mashariki 1968, ya Wachina 1982, na nyengine baada ya hapo. Karatasi hatukukosa.

Wakati wa Sultani Barghash maji yalitolewa kwenye chemchem za upande wa Mtoni yakaletwa mjini kwa mfereji. Zile chemchem zilikua zinalindwa, ukikata mti karibu yake unaitwa. Msitu wa Masingini mpaka leo umebaki kwa sababu hiyo hiyo, ni tangi la maji lile si msitu wa kutembelea tu.

Mama_Mapacha

Mzee shkamoo. Sasa tufanyeje sie ambao tushajenga? Maana kila mtu anaeleza ubaya, mie nyumba siwezi kuikunja kama mkeka nihame nayo.

Mzee_Kibanda

Marahaba mwanangu. Mulize fundi.

Fundi_Zege

Dada mambo yapo na si ya pesa nyingi. Maji ya bati usiyaache yaanguke ovyo, tia mfereji wa bati, uyapeleke kwenye tangi, yatakusaidia hata siku mfereji wa serikali umekauka. Yanayozidi yapeleke kwenye shimo la mawe, mita moja unusu kwenda chini, ujaze mawe ya matumbawe na kokoto, yazame humo. Liwe mbali na karo la choo tafadhali, mbali kabisa! Uwa usiupige sakafu wote, acha hata nusu na majani. Na mpaka wa chini wa kiwanja panda kitu chenye mizizi, michaichai, mananasi, chochote kinachozuia udongo.

Nyumba yako moja haitaokoa bonde, nisikudanganye. Lakini kumi zinaonekana.

Ramani_Tu

Na hapo kwenye "nyumba moja" ndo penye tundu la sheria. Tuna Sheria ya Mazingira ya 2015, ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar, ipo, mtu akitaka kujenga hoteli au kiwanda anatakiwa tathmini ya athari za mazingira. Lakini nyumba ya vyumba vitatu haihitaji tathmini, na ni sawa, nani atafanya tathmini kwa kila nyumba. Sasa nyumba 300 zikija moja moja kwa miaka kumi hakuna siku hata moja ambayo mtu aliulizwa. Kilima kizima kimebadilika na hakuna faili. Angekuja muekezaji mmoja akasema nataka kufunika kilima hiki chote kwa bati mungeona mikutano na vikofia, lakini tukikifunika sie wenyewe kidogo kidogo ni maendeleo ya mwananchi.

Ndo maana mie nasema kipimo kiwe bonde, sio kiwanja. Kabla ya kilima kuanza kukatwa, mtu apite achore njia ya maji ziachwe mita kadhaa huku na huku, hizo haziuzwi, kwisha. Baada ya hapo kateni viwanja mutakavyo.

Zao_la_Tatu

Utaacha mita kadhaa alafu usiku mmoja utakuta mtu kaweka banda la chipsi

Ramani_Tu

Sina jibu la banda la chipsi

Bonde_la_Bibi

Hapa kwenye njia ya maji nataka nikae kidogo maana nlikua naisubiri.

Kijito chetu kando zake zote palikua na mikindu. Shangazi zangu wawili wameishi kwa ukindu ule, wanakata, wanaanika, wanatia rangi, wanasuka mikeka. Mikindu inapenda miguu yake iwe kwenye maji, na mizizi yake inashika kingo vibaya sana, hata ng'ombe akipita hazimeguki. Baina ya mikindu palikua na kambare, na yangeyange wamejaa weupe.

Sasa miaka kadhaa nyuma ukaja mradi mmoja, simtaji mtu, wakajenga mtaro wa zege kutoka kwenye zile nyumba. Mtaro mzuri sana, umenyooka, una mifuniko, watu wa juu wakafurahi maana walikua wanaingiliwa na maji vyumbani, na mie siwaonei choyo. Lakini ule mtaro ukija mpaka kichwani mwa bonde, UNAISHIA. Yani fundi kamaliza, kapiga plasta mdomo, kaondoka. Mbele yake ni kijito. Maji yaliokua yanakuja kwa njia ishirini ndogo ndogo sasa yanakuja kwa mdomo mmoja kwa nguvu zote. Mwaka wa kwanza yaling'oa mikindu ya upande wa kushoto, mwaka wa pili na kulia. Saivi pale pana korongo unaweza kuficha daladala. Shangazi mmoja kashafariki, mwengine ananunua ukindu kutoka shamba huko mbali na anasuka kwa hasara.

Nlikwenda ofisi moja nikauliza mtaro huu mwisho wake uko wapi kwenye ramani. Bwana yule mpole kabisa kanionesha, kweli ramani imeishia pale pale, mstari wa buluu unafika kwenye ukingo wa karatasi. Nikamuuliza na baada ya hapa? Akasema baada ya hapa ni kilimo, sio sisi. Nikenda kilimo wakaniambia maji ya mtaro sio sisi, hayo ni ya mji.

Kasimu_wa_Dole

Ukingo wa karatasi!! dah

MkoaniBoy

Kaka hiyo ndo taarifa nzima. Ungeianzia hapo

Fundi_Zege

Mdomo wa mtaro ulitakiwa uwekewe mawe makubwa ya kuvunja nguvu ya maji, na ikiwezekana dimbwi dogo la kutulizia mchanga kabla haujaingia kijitoni. Mchanga unabaki humo, unazolewa kila mwaka. Si kazi ya mamilioni. Hao vijana wa gari ya punda wangekua ndo wasafishaji na wasingelipwa hata senti, wangeuchukua wenyewe kwa furaha.

Nesi_wa_Zamu

Dimbwi na kichocho lakini kumbukeni nilivyosema

Fundi_Zege

Nesi dimbwi la kutulizia linakauka baada ya mvua, sio la kukaa maji. Ila umenena, lizungushiwe ua watoto wasiingie.

Mtoto_wa_Jangwani

Nipo Dar nawasoma tu, kwetu Msimbazi ilianza hivi hivi. Kisarawe na Pugu kwa juu watu wanajenga, huku chini Jangwani mabasi ya mwendokasi yanaogelea. Na Msimbazi wazee wanasema walikua wanalima mpunga na mchicha kando yake na kuvua humo. Mchicha bado unalimwa, mie siuli. Nyie bado munaweza kuwahi maana mabonde yenu ni madogo, mtu unaweza kulitembea lote asubuhi moja.

Mama_Mapacha

Wiki tatu baadae narudi kwenye uzi. Mume wangu kachimba lile shimo la mawe kama alivyosema fundi, alinuna siku mbili lakini kachimba. Mvua ya juzi maji ya bati letu yote yameingia humo, uwani hapajajaa. Jirani wa kulia kaja kutizama, wa kushoto anasema tunachimba kaburi. Nimempa na uzi huu asome.

Bonde_la_Bibi

Mama Mapacha Mungu akubariki hata kama si bonde langu.

Na mie nina taarifa. Nimechomeka mti wa mwanzi kwenye tuta karibu na kijito, nimeupaka rangi kila inchi, kama rula. Mvua ya juzi hiyo hiyo nlikaa pale na mwamvuli kama mwendawazimu. Ilianza saa kumi na dakika kumi jioni. Saa kumi na nusu maji yalikua kwenye mstari wa nne. Saa kumi na moja kasoro robo mstari wa kumi na tisa. Saa tatu usiku nimerudi na tochi yamerudi wa saba, asubuhi wa pili. Nimeandika kwenye daftari la mtoto, ntaendelea kila mvua, na picha ntampelekea Ramani inbox. Nikenda tena kwenye ile ofisi nataka niwe na mti wangu mkononi.

Vuli nataka nijaribu kurudishia mikindu upande wa kushoto ambako korongo halijawa refu, shangazi anasema inaota kwa kokwa lakini inachelewa, bora machipukizi ya pembeni ya mti mkubwa. Yupo mwenye nayo? Hata kumi tu nakuja kuyachukua mwenyewe.

Kasimu_wa_Dole

Kwetu yapo nyuma ya msikiti, watu wanayakata wanatupa. Njoo Jumamosi, na uje na hiyo vespa